Askari wa Bandani

Ijumaa, 11 Oktoba 1963

Dada yangu mpenzi Mwanamkasi, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wahali gani huko Vanga? Goti lako laendeleaje, na kifua cha shemeji kimetulia? Nasi hapa Likoni, alhamdulillahi, tu wazima, ila mimi na meno yangu, na mwenzangu na ukaidi wake.

Daftari ulilonitumia limefika. Wasema barua zangu ni fupi kama salamu za mtu anayekimbilia feri, na kwamba vuli hii niandike kidogo kidogo, hata siku isiyo na jambo, kisha nikutumie lote kwa pamoja. Haya. Lakini mimi ni mtu wa chuo cha Maalim na madarasa manne ya skuli, usitarajie makubwa. Nitaandika baada ya alasiri, hapa ukumbini, kabla sijawasha moto wa jioni.

Jambo la kwanza utacheka. Shemeji yako Ghalib amegeuka mtoto. Tangu astaafu karakana ya feri, hutoka msikitini asubuhi akaenda moja kwa moja kwenye banda lile la uani, na humo yuwatengeneza askari wa kuchezea. Askari wa risasi, dada, urefu wao kama kidole cha shahada. Anunua chubwi, vile vizito vya risasi vya nyavu, kwa wavuvi, aokota vipande vya mabomba ya zamani, ayeyusha kwenye sufuria yangu kuukuu, ile ambayo sasa haitapikiwa tena chakula cha binadamu.

Nilimwambia, "Baba Nassor, wenzako wakistaafu hulima mihogo."

Akanijibu bila kuinua macho, "Mihogo haipigi saluti."

Moyo wangu haukutulia. Wajua tulivyofunzwa: malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye masanamu. Kheri moja tu, hajapata kuingiza hata mmoja ndani. Wote wamesimama bandani juu ya ubao. Nikamshukuru Mungu, nikasema angalau hofu yake ipo.

Jumapili, 13 Oktoba

Hakuna jambo. Mbaazi ziliungua. Ghalib alikula zote akasema ni tamu, nikajua roho yake iko bandani.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo nilimpelekea kahawa, nikakaa. Nilidhani nitakaa dakika, nikakaa mpaka adhana.

Kwanza huchonga askari mmoja wa mti, taratibu, kwa kisu kidogo. Kisha huchukua mfupa wa ngisi, ule mweupe mwepesi tuliokuwa tukiuokota pwani utotoni tukichorea ukutani. Huukata pande mbili, akazisugua juu ya jiwe mpaka zikalala sawasawa. Huyo wa mti humlaza katikati, akabana kwa viganja polepole kama anayekamua tui. Mfupa ni laini, wapokea umbo lote. Akimtoa, kati pamebaki nafasi tupu ya mtu. Hapo hukata njia ya kumiminia juu ya kichwa, akafunga pande mbili kwa waya, akamimina.

Mfupa mmoja ni askari mmoja. Ukishamiminiwa huungua ndani, hautumiki tena. Na kila askari hutoka na mistari midogo ya mfupa wake mwilini, utadhani nguo imefumwa. Ni kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Aliwasugua kwa tupa, akawapaka rangi ya kaki, na tarbushi nyekundu kama za KAR, jeshi la Mwingereza, wakiwa kwenye gwaride.

"Na nyuso?" nikamwuliza. "Mbona laini kama yai?"

"Macho na pua ni kazi ya Muumba. Mimi nimeruhusiwa kofia na mkanda."

"Nani aliyekuruhusu?"

"Sijakatazwa," akasema, akacheka peke yake.

Nikamwuliza kazi hii ina hatari gani, maana jiko lilikuwa jekundu. Akasema hatari yake ni maji. Mfupa ukiwa na unyevu, hata kidogo, madini ya moto hayakubali kukaa. Humrukia usoni aliyeyamimina. "Kwa hiyo mimi na mvua," akasema, "hatusalimiani."

Nami nimemwandikia haya mtu aliyeko Vanga huku mawingu yakijikusanya upande wa Mtongwe.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimekwenda pwani maji yalipotoka, nikaokota mifupa ya ngisi, nikaiweka kwenye kapu chini ya mchicha asije mtu akaniuliza. Usimwambie shemeji yako Ghalib.

Alhamisi, 24 Oktoba

Dada, leo nina furaha na hofu pamoja.

Wamkumbuka Rispa, jirani yetu, mke wa Nicanor wa bandarini. Ni watu wa Kisumu, Wakristo, watu wema. Ua wa makuti tu ndio unaotutenga. Asubuhi aliita kwa juu ya ua, "Mama Nassor, njoo kwanza. Njoo na leso ya kufutia macho."

Ni barua ya mwanangu. Nassor huwaandikia Nicanor na Rispa, maana hapa kwetu barua yake haifunguliwi. Rispa akanisomea. Kikosi chao kitakuwa Nairobi kwa sherehe za uhuru, na baadaye atapewa likizo. Atakuja Likoni. Atalala kwa Nicanor kama mwaka jana, wala hataki kumuudhi baba yake; ataka tu kuniona na kula wali wangu.

Wewe ulikuwa mbali, kisa hiki ulikisikia vipande vipande. Acha nikieleze. Ghalib alikuwa na mdogo wake, Mbwana, aliyekwenda vita vya Burma na KAR. Ghalib ndiye aliyemsindikiza stesheni, akampigia makofi. Mbwana hakurudi, wala kaburi lake hatulijui. Basi Nassor alipojiandikisha jeshini mwaka juzi bila kumwuliza baba yake, akaja amevaa zile nguo, Ghalib alisimama mlangoni akashika mwimo kwa mikono miwili. Akasema, "Wallahi, askari hatavuka kizingiti cha nyumba yangu nami ni hai."

Aliapa kwa Mungu, dada. Na yamini ya Ghalib si maneno. Hata askari wa polisi alipokuja kuuliza habari za baiskeli iliyoibiwa, Ghalib alimsikiliza barabarani, mvua yawapiga wote wawili, mimi nashika mwamvuli kwa aibu.

Mwaka jana mwanangu alikula chakula changu nyumbani kwa watu. Nilikipitisha juu ya ua kwenye sinia, nikazunguka njia ya mbele kama mgeni nikaketi kumtazama. Safari hii nataka ale juu ya mkeka wangu. Nimeomba hilo katika kila sijda, na leo nimelizidisha.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua. Nguo hazikukauka.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua tena, na makuti ya banda yameanza kuvuja. Nilimwonea huruma shemeji yako. Nikamwambia, "Leta mifupa yako jikoni, uitundike juu ya moto, itakauka."

Akafurahi kama mtoto wa sikukuu. Akaileta yote, akaitundika kwa kamba juu ya mafiga, jiko langu likawa kama duka la mganga.

Nikasema, "Na hao askari je? Rangi yawabambuka kule. Walete nao, tutawaweka kidakani, mle ukutani ukumbini. Nitawafunika kwa leso nikiswali."

Akafunga kamba iliyokuwa imeshafungwa.

"Hao wabaki huko huko," akasema.

"Kwa ajili ya malaika?"

"Malaika?" Akanitazama kama nimesema jambo la ajabu. "Hawa hawana nyuso, Mama Nassor, na ni vitu vya watoto. Malaika hawana ugomvi nao." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni askari. Mimi niliapa."

Dada, sikujua nicheke au nilie. Mzee mzima, fundi wa mashine, hathubutu kuvusha askari wa kidole kwenye kizingiti chake. Nilidhani yale masanamu ni mchezo wa mtu asiye na la kufanya, tena asiyejali. Kumbe jambo lenyewe alilibeba kifuani muda wote, anazunguka nalo uani.

Nilimwongezea kahawa.

Jumatano, 6 Novemba

Ghalib amekula mahamri manne. Mvua ndogo.

Jumapili, 10 Novemba

Leo aliniita bandani mwenyewe, jambo asilolifanya. Akanionyesha safu. "Huyu ni Mbwana," akasema, "alikuwa akisimama hivi, mguu mmoja mbele, kama anayetaka kuondoka." Nikamtazama, na kweli ni Mbwana, bila jicho wala pua. Waliomfuata ni wenzake waliopanda naye gari la moshi siku ile.

Pembeni palikuwa na wa mti mpya, hajamiminiwa. Nilimshika. Bega lake la kushoto limeshuka kidogo.

Nassor alianguka kwenye mpera akiwa mdogo, wakumbuka? Fundi wa mifupa akamfunga bega, likaunga likiwa limeshuka. Hakuna askari mwingine duniani mwenye bega lile.

Nilimrudisha pale pale nilipomtoa. Ghalib alikuwa akitafuta tupa chini ya meza, kwa muda mrefu kuliko tupa inavyohitaji.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua usiku na mchana. Huyo wa bega hakubali kutoka. Mara mbili madini hayakufika begani, akatoka hana mkono. Mara ya tatu alivunjika shingoni. Kila mara Ghalib humrudisha kwenye sufuria, akanuna. Nimemwambia mifupa iliyobaki bado haijakauka, asubiri. Amesema atasubiri. Sikuipenda namna alivyosema.

Alhamisi, 21 Novemba

Hakusubiri.

Nilikuwa nachambua mchele. Nikasikia mlio kama ukuni mbichi upasukapo, kisha Ghalib akasema, "Mama Nassor," si kwa kelele, kama mtu anayeomba maji. Nikakimbia. Alikuwa amekaa chini, mkono wa kulia mbele yake, madini yamemgandia juu ya kiganja kama magamba ya samaki, na tone moja juu ya nyusi. Chini kidogo tu ya hapo pana jicho. Subhanallah. Mfupa ulikuwa umepasuka vipande.

Nilimmwagia maji mkono, nikamwita Rispa, Rispa akamwita Nicanor aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Nicanor alikuja na fulana ya ndani, akamshika mzee kwapani. "Mzee wangu, umepigana na nani?"

"Na haraka," Ghalib akasema, na meno yanagongana.

Nicanor akampeleka feri, wavuke wakatafute hospitali. Mimi nikaambiwa nibaki, nami nikabaki, Mungu aniwie radhi.

Hawajafika hata barabarani, mbingu ikafunguka. Wewe waijua mvua ya vuli inapokasirika. Maji yalishuka kutoka barabara ya juu, yakaingia uani, yakalijia banda. Nilikuwa mlangoni natazama kwa macho tu. Kisha nikaona ubao ukiinama, na Mbwana akaanguka majini kifudifudi.

Sikufikiri. Nilichukua sinia lile la shaba la harusi yangu, nikaingia maji ya magotini. Rispa akapenya uani akanifuata, akasema, "Mama, acha hivyo vitu, tazama nguo zako." Nikamwambia, "Hivi si vitu, mwanangu. Shika huku." Akashika. Tukawaokota kwenye matope mmoja mmoja, na yule wa mti mwenye bega nikamkuta akielea kwenye kona, nikamtia kifuani.

Nikafika kwenye kizingiti na sinia limejaa askari, nikasimama.

Dada, hapo ndipo nilipofikiri. Ningeweza kwenda kwa Rispa. Ua ni hatua chache. Rispa mwenyewe alisema, "Walete kwetu, tutawakausha." Nyumba yake ni ya askari wote, hata mwanangu hulala kwake.

Nikamwambia, "La. Safari hii hawaendi kwako."

Nikasema bismillahi, nikatanguliza mguu wa kulia, nikaingia nao. Nilijua ninachokifanya. Yamini haikuwa yangu niivunje, lakini nyumba ni yangu pia. Nimeifagia miaka yote hii, na sikuapa kitu.

Niliwakausha kwa kanga, nikawapanga kidakani, ukumbini, mkabala na mlango. Kisha nikaketi chini nikalia, na Rispa akanipikia chai yenye sukari nyingi mno, kama wanavyoipenda wao.

Ijumaa, 22 Novemba

Wamemrudisha kabla ya sala ya Ijumaa, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko, nyusi imepakwa dawa. Daktari amesema vidole vitapona, jicho halina kitu.

Aliingia, akaona kidaka.

"Nani aliyewaingiza?"

"Mimi."

"Kwa mlango gani?"

"Kwa mlango, Baba Nassor. Nyumba ina mlango mmoja wa mbele."

"Wajua niliapa."

"Najua. Ulisema askari. Nami nimewaingiza askari."

Nilingoja anikaripie. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga tangu alfajiri. Hakukaripia. Aliketi juu ya mkeka, mkono wake mapajani kama mtoto aliyelala, akawatazama wale askari mmoja mmoja mpaka akamaliza safu. Kisha akasema, "Basi imevunjika."

Na dada, wallahi, nilimsikia akishusha pumzi.

Jumapili, 24 Novemba

Maalim Jumaa amekuja kumjulia hali mgonjwa. Nilikuwa nyuma ya pazia na kahawa, kila neno nimelisikia.

Ghalib akamweleza yote. Maalim akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Bwana Ghalib, yamini ni kwa nia. Wewe ulimnuia mwanao. Hukunuia chubwi za wavuvi. Hujavunja kitu."

"Nilisema askari. Sikutaja jina."

"Huyu si askari. Huyu ni risasi iliyopakwa rangi."

"Ana tarbushi, Maalim. Ana mkanda."

"Hata jogoo ana upanga kichwani, hatumwiti jemadari."

Ghalib akasema, na sauti yake sikuijua, "Maalim, wewe ukinihukumu kwamba sikuvunja, mwanangu ataingiaje?"

Pale Maalim aliacha kucheka. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Akasema, "Aliyeapa, kisha akaona kheri iko upande wa pili, na aifuate kheri, na atoe kafara ya yamini yake. Hayo ungeyafanya tangu mwaka juzi. Hukuhitaji kuungua mkono."

"Nilijua," Ghalib akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua, Maalim. Nilikuwa nangoja mtu anitoe kwenye mlango ule. Nilishika mwimo kwa nguvu nikashindwa kuuachia."

Kahawa ilipoa mikononi mwangu. Niliyeishi naye umri huu nilidhani ni mtu wa jiwe. Nilimhukumu vibaya, Mwanamkasi, na kila nilipomnunia nilijiona mimi ndiye mwenye haki.

Kafara ni kuwalisha maskini kumi. Alisema angependa kufunga siku tatu, Maalim akamwambia kufunga ni kwa asiye na cha kulisha, "nawe una mke apikaye pilau."

Alhamisi, 5 Desemba

Hakuna kazi ngumu Likoni kama kumpata maskini. Ghalib amezunguka mtaa wote wa Shika Adabu na mkono wake wa bandeji. Alimwendea mzee Mwarandu, mkwezi wa minazi, ambaye kanzu yake ina viraka juu ya viraka. Mwarandu akamwambia, "Maskini? Mimi? Mimi nina mbuzi. Maskini ni yule pale." Yule pale akamwonyesha mwingine. Mwingine akauliza kwanza nyama ni ya mbuzi au ng'ombe.

Mwishowe nilimwambia Ghalib, "Usiwaite maskini. Waite wageni. Mungu awajua."

Leo wamekuja wote kumi, na Mwarandu wa kwanza mlangoni. Pilau ilitosha, nikaongeza ndizi. Walipomaliza kuomba dua, Mwarandu akawaona askari wa kidakani. "Hawa nao wamekula?" akauliza.

"Hawa ndio walioalika," Ghalib akasema.

Alhamisi, 12 Desemba

Uhuru. Rispa ametundika matawi na bendera ya karatasi. Nicanor amesikiliza redio mpaka sauti ya redio ikachoka. Mimi nililala mapema, nikasimuliwa asubuhi. Ghalib alikwenda barazani kwa Nicanor kusikiliza gwaride, akarudi akasema, "Hatua zao zasikika vizuri." Hakusema za nani.

Jumatatu, 16 Desemba

Jua, alhamdulillahi. Mifupa imekauka kukauka. Mkono wa Ghalib bado haushiki kitu kizito, na huyo wa bega bado ni wa mti.

"Basi," akasema, "nitaacha."

"Utaacha nini? Nionyeshe."

Akanionyesha. Nimebana mfupa mimi, nimekata njia mimi, mara ya kwanza nikaikata nyembamba, akaniambia pana zaidi, upande wa begani madini yataka njia yake. Nikafungua njia ndogo ya pili ya kutokea hewa. Akawa amesimama nyuma yangu, kidevu karibu na bega langu. "Usisite," akasema. "Ukianza kumimina usisite."

Nilisoma bismillahi, nikamimina.

Tulipofungua, ametoka mzima. Bega limejaa, limeshuka pale pale. Ghalib alimgeuza na vidole vya kushoto, akanipa tupa nikamsugue.

Mimi niliyeogopa malaika, dada. Nimempaka hata tarbushi.

Ijumaa, 20 Desemba

Mwanangu amekuja.

Nilijua atafika baada ya sala. Rispa alikuwa amenong'onezwa kila kitu, naye amenong'ona kwa kila mtu ila kwa Nassor; yeye aliambiwa tu apige hodi mlango wa mbele. Nilikuwa jikoni, wali wa nazi uko juu ya makaa, nikasikia hodi ya mbele, ile hodi yake ya tangu utoto, mara mbili haraka.

Ghalib alifika mlangoni kabla yangu. Na kule nje, juu ya baraza, alisimama Nassor amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, mkoba begani, viatu vya kubadhi miguuni. Amekonda, amekuwa mrefu, au ni macho ya mama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Ghalib akamtazama juu mpaka chini. "Umevaa nini?"

"Kanzu, baba. Nimebadilisha kwa Nicanor. Sikutaka kukuvunjia yamini yako. Mimi leo si askari, nimekuja kama mwanao."

Nikaona uso wa Ghalib ukikunjamana, nikasema yarabi, baada ya yote haya.

"Nguo zako za kazi ziko wapi?"

"Mkobani."

"Sikiliza," Ghalib akasema. "Nimelisha watu kumi pilau kwa ajili ya askari. Mama yako alipika tangu alfajiri. Sikuwalisha kwa ajili ya mtu wa kanzu. Wa kanzu angeingia bure. Nenda bandani ukavae."

Nassor alinitazama mimi. Nikamwashiria kwa mwiko, nenda.

Akaenda. Tulingoja, mimi na baba yake, na nyuma ya ua nilijua Rispa amesimama juu ya ndoo. Akarudi kwa njia ya mbele, kaki imepigwa pasi, mkanda wang'aa, kofia mkononi. Akasimama barazani.

"Hodi."

Ghalib alikuwa amesimama mlangoni pale pale aliposimama mwaka juzi. Aliinua mikono miwili, mmoja na kovu lake, nikadhani anashika mwimo. Akamshika mwanawe kichwa.

"Karibu," akasema. "Viatu vua. Mkeka ni wa mama yako."

Amekula, dada. Amekula juu ya mkeka wangu, akaongezewa, akaongezewa tena. Rispa na Nicanor walikuja na mtungi wa uji wa mtama, tukacheka kwa sababu hapakuwa na anayeutaka na hapakuwa na aliyekataa.

Baada ya kula Nassor alisimama akaenda kidakani. Akawatazama mmoja mmoja kama baba yake alivyowatazama siku ile. Akamchukua wa mwisho, akamgeuza, akamweka kiganjani. Bila yeye kujua, bega lake la kushoto limeshuka vile vile.

"Baba, huyu bega lake limeenda kombo."

Ghalib alikuwa akinywa kahawa. "Madini hayakujaa vizuri," akasema.

Nami nilinyamaza, Mwanamkasi, maana aliyemimina ni mimi, na yalijaa.

Daftari limebaki kurasa chache, nitalifunga na kulituma kwa basi la Jumatatu pamoja na mkate wa mayai. Ndani ya kitambaa nimekuwekea askari mmoja, usimwonyeshe maji. Nassor yupo mpaka mwezi uishe na ataka kukuona kabla hajarudi kambini. Nakuomba usikae na jibu: niandikie mara upatapo hili, uniambie goti laruhusu safari, na tukungoje kwenye feri siku gani.

Ndugu yako, Kulthum